Wimbo wa Bibi Harusi Asiye na Mama

"Sheria inasema saa tano usiku," Yazep alisema kutoka ghorofa ya nne, ameegemea chuma cha ngazi, duda yake, zumari ya mfuko, bado ikining'inia kwapani, mfuko wa ngozi ya mbuzi ukitoa pumzi ya mwisho mwisho. "Sasa ni saa kumi alasiri, Safiya Ihnatauna. Hata vichanga viko macho."

"Mimi sijasema habari ya saa," bibi wa ghorofa ya tatu alijibu kutoka chini. "Pulizia hilo lizumari lako mpaka lipasuke, sina neno. Nimesema huo wimbo usiupige."

"Upi?"

"Unaujua upi."

Milango ilianza kufunguka. Zoya wa ghorofa ya pili alitoka na ndoo ya takataka ambayo kila mtu aliona kuwa haina kitu, akasimama nayo kwenye ngazi kama mtu anayengoja basi. Rehina, mkewe Yazep, alikuwa nyuma ya mumewe na mikono imejaa unga. Alikuwa ametoka kazini duka la dawa saa nane, akakanda, na tangu hapo alikuwa anasikiliza mazoezi kupitia ukuta wa jikoni kama alivyosikiliza kwa miaka thelathini, yaani bila kusikia.

Yazep alisema, na alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea ukumbi, kwamba wimbo huo nchi nzima inaujua, kwamba hakuna harusi kutoka Brest mpaka Vitsebsk inayofungwa bila wimbo huo, na kwamba kama jirani haupendi, basi yeye ni mtu wa kwanza.

"Ndiyo hivyo hivyo," bibi alisema. "Kila harusi. Huna hata haya."

"Niwe na haya ya nini, bibi, watu wanacheza?"

Safiya Ihnatauna alikuwa mwanamke mfupi, mnene, amehamia hapo majira ya baridi kutoka kijiji kimoja cha mabwawani kule Palesse, kuja kukaa na mjukuu wake. Katika jengo lile hakuna aliyemjua sana, ila kwamba hutengeneza achari ya matango kwenye pipa na harufu hupanda hadi ghorofa ya tano.

"Usipouacha, Yazep, nitaandika," alisema.

Alimwita Yazep tupu, bila jina la baba, kama mtu anavyomwita mwanafunzi au mlevi. Zoya alihamisha ndoo kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Rehina alimfinya mumewe kiunoni, lakini alichelewa.

"Andika," Yazep alisema.

* * *

Rehina alijua barua ni nini. Miaka saba nyuma mstaafu mmoja katika mji wa magharibi aliandika kwamba bendi ya Yazep inawafundisha vijana kupayuka, na mabango yalikuwa yameshabandikwa, na gari la vyombo lilikuwa limeshatia mafuta. Ofisi ya vibali haikuuliza mwandishi ni nani wala ana akili gani. Raia ameandika, raia lazima ajibiwe ndani ya siku kumi na tano, na jibu jepesi kuliko yote ni kufuta. Ukumbi ulifungwa kwa sababu za kiufundi. Baadaye walisikia kwamba mstaafu yule alikuwa amekosea bendi.

Sasa walikuwa wamebakiza siku tisa. Karomysla, bendi hiyo, ilikuwa inatimiza miaka thelathini tangu wavulana wanne na gitaa mbili za umeme walipoingia kwenye mkahawa wa bweni la wanafunzi, Yazep akiwa na duda aliyoipata kwa mzee mmoja kwa kumwachia baiskeli yake mwenyewe. Katika miaka hiyo alikuwa amepanda majukwaa ya Gdańsk na Vilnius mbele ya watu elfu ishirini, akashuka, akapiga kwenye sebule za watu ambako wasikilizaji arobaini hukaa sakafuni na viatu vimelundikwa mlangoni, kisha kwa miaka mitano hakupata kibali hata cha kuimba kwenye sherehe ya mavuno. Alitengeneza mitambo ya maji moto ya mtaa. Wakazi waliomwita kufungua bomba walimwomba sahihi yake kwenye risiti.

Ndipo kibali kikaja, hakuna aliyejua kwa nini. Ukumbi wa nyumba ya utamaduni ya kiwanda, viti mia nne na ishirini, Ijumaa saa moja jioni. Tiketi ziliisha kwa siku mbili. Orodha ya nyimbo kumi na nne na maneno yake, nakala tatu, kila ukurasa na muhuri. Wimbo usiokuwa kwenye orodha hauimbwi. Beti isiyokuwa kwenye orodha haiimbwi. Mama mmoja wa ofisini atakaa mstari wa tatu na nakala yake na kalamu. Wimbo wa kumi na nne ulikuwa "Farasi Wenye Kengele", huo huo ambao bibi wa chini hakutaka kuusikia.

"Uruke tu," Rehina alisema jikoni. "Maliza na wa kumi na tatu."

"Watu wamenunua tiketi kwa ajili ya huo mmoja, Rehina. Hizo kumi na tatu nyingine wanazivumilia."

Alisema bila uchungu, anakata mkate. Rehina alimtazama. Ilikuwa kweli, na haikuwa kawaida yake kuisema.

"Basi kesho nitashuka kuzungumza naye."

"Umwambie nini?"

"Sijui. Nitabeba peremende."

* * *

Alishuka Alhamisi baada ya kazi, na boksi la peremende za chokoleti zenye picha ya dubu. Safiya Ihnatauna alifungua mlango, akamwona, akaliona boksi, wala hakusogea. Watu wa kwao hawapeani kitu juu ya kizingiti, na asiyekaribishwa ndani hana mahali pa kukabidhi zawadi yake. Kwa hiyo Rehina alibaki kwenye ngazi, boksi mbele ya tumbo kama mchuuzi, huku akisikia juu mlango wa mtu ukifunguka kidogo kwa udadisi.

Alisema alivyojipanga. Kwamba mumewe ni mtu wa maneno mengi lakini hana ubaya. Kwamba amengoja miaka mitano. Kwamba baada ya Ijumaa hiyo mazoezi yatakwisha, na bibi atapumzika.

"Mimi sitaki kupumzika," bibi alisema. "Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi, siku ya pili yake. Ulyana. Unamjua?"

Rehina alimjua wa kusalimiana tu, msichana mrefu anayefanya kazi ya kutengeneza kucha.

"Mama yake alikufa mwaka juzi. Binti yangu huyo." Bibi alitaja mambo haya kama anayemsomea mtu anwani. "Kwetu bibi harusi asiye na mama, asubuhi, kabla ya kufunga shela, wanawake humkalisha juu ya koti la ngozi ya kondoo, manyoya nje, wakamwimbia. Wanamwita mama yake. Hilo halirukwi. Usipomwita, msichana anaondoka nyumbani kama mtu aliyefukuzwa. Nimewaita wawili kutoka kijijini, ndio waliobaki, na mmoja hana meno. Nikamwambia Ulyana. Unajua kanijibu nini?"

Rehina alikuwa ameanza kujua.

"Kasema, bibi, si huo, tafadhali, nitaaibika. Wenzangu watainuka kucheza." Safiya Ihnatauna alifuta mkono kwenye aproni ingawa mkono ulikuwa mkavu. "Mume wako kaichukua sauti ya makaburini kaifanya ya kurukia. Sasa hata mwenye maiti yake hawezi kuitumia."

Rehina alitaka kusema kwamba hawakujua. Lakini walijua. Yeye mwenyewe alikuwapo. Walikuwa na miaka ishirini na mitatu, walitembea kilomita kumi na moja kutoka kituo cha treni na kinasa sauti kizito kama jiwe, na bibi mmoja aitwaye Adarya alikubali kuimba wimbo ule baada tu ya kuwatoa binti zake nje na kufunga mlango. Kisha aliwaonya. Msichana mwenye wazazi, asiimbiwe kabisa. Walitikisa vichwa. Rehina aliandika beti zote kumi na moja kwenye daftari la miraba. Na mwaka uliofuata, redio ilipotaka wimbo wa dakika tatu, ni Rehina aliyekaa na penseli, akabakiza beti nne, farasi, kengele, lango, mshipi mwekundu, akakata kila mahali alipotajwa mama. Aliwaambia wavulana kwamba redio haipendi vifo kabla ya saa sita mchana. Walicheka sana.

"Kwa nini usimwimbie mwenyewe, bibi?" aliuliza.

"Damu yake haiimbi. Lazima awe mtu baki. Na mwanamke." Bibi alisisitiza neno la mwisho, akiinua macho kuelekea ghorofa ya nne. "Na hao wawili wangu, beti wanakumbuka tano. Sita, kama yule wa pili atakuwa amelala vizuri."

"Mimi ninazo zote," Rehina alisema.

Bibi alimtazama.

"Zimeandikwa. Kumi na moja, na mahali pa kuvuta pumzi. Mimi ni mtu baki."

Safiya Ihnatauna hakumshukuru wala hakumkaribisha ndani. Alisema tu, saa tatu asubuhi, usichelewe, mpiga picha anakuja saa tano. Rehina alipanda ngazi na boksi lake. Zoya alikuwa ametokea kutoka pasipojulikana, akamuuliza kama bibi amekataa peremende. Rehina alimpa Zoya boksi.

* * *

Yazep alilichukua jambo hilo vibaya kuliko Rehina alivyotarajia. Hakupiga kelele. Alisema kwamba bila yeye wimbo ule ungekuwa umezikwa na Adarya, kwamba ofisi zilipotaka nchi nzima iimbe mambo ya matrekta, yeye aliwafanya watoto wa mjini waimbe maneno ya bibi zao, na leo wanamletea bili.

"Hakuna aliyeleta bili. Naenda kumwimbia msichana."

"Unaenda kuomba msamaha kwa niaba yangu."

"Kwa niaba yangu," Rehina alisema. "Penseli ilikuwa yangu."

Alitafuta daftari juu ya kabati, chini ya mabango ya Poland, akakuta kurasa zimegandana kwa unyevu. Kwa siku kadhaa alifanya mazoezi dukani asubuhi kabla ya kufungua, kati ya rafu za dawa za kikohozi, kwa sauti ndogo. Hakuwa mwimbaji. Miaka yote kazi yake ilikuwa kuuza kaseti mlangoni, kuhesabu viti, kubishana na wenye kumbi, kukumbuka nani katika bendi hanywi na nani asipewe. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ilivunjika juu. Aligundua kwamba beti zile, ukiziimba polepole kama zilivyo, sauti kuvunjika si kosa.

Jumatano saa nne asubuhi ofisi ilipiga simu. Mwanamke mwenye sauti nzuri alisema kwamba tamasha la Ijumaa haliwezekani kwa sababu za kiufundi, tiketi zirudishwe mahali ziliponunuliwa. Yazep aliuliza sababu gani. Mwanamke alisema, za kiufundi. Aliuliza kama kuna raia ameandika. Mwanamke alisema kila raia ana haki ya kuandika, akamtakia siku njema.

Mchana wote simu haikunyamaza. Hlieb, mpiga ngoma, mtu wa miaka hamsini na nne mwenye mkia wa nywele nyeupe, alikuja na pikipiki akakaa jikoni akila kila alichowekewa. Alipendekeza waweke spika dirishani, wazielekeze chini, wampe bibi tamasha zima na vya ziada. Kisha alilia kidogo, akajipangusa kwa kitambaa cha vyombo, akasema ni kitunguu. Hapakuwa na kitunguu.

* * *

Alhamisi jioni kengele ililia. Yazep alifungua. Safiya Ihnatauna alikuwa amesimama mlangoni, anahema kwa ngazi chache alizopanda, amevaa kitambaa cha kichwa cha kutokea, cha maua.

"Niliandika mimi, Yazep Kazimiravich," alisema. "Nisije nikasikia mnamsingizia mtu mwingine."

Rehina alitoka jikoni. Bibi aliendelea kuongea na Yazep, na kwa namna alivyoongea ilikuwa wazi kwamba amejifunza kwa moyo njiani, kama mtoto anayetumwa dukani. Barua aliiandika Jumatano ile ile ya ugomvi, hasira zikiwa moto, akaitia kwenye sanduku la posta kabla hajavua viatu. Alhamisi Rehina alipokuja, barua tayari ilikuwa imekwenda, na yeye akanyamaza kwa sababu aliona haya. Jumatatu alikwenda ofisini kuirudisha. Alikaa kwenye foleni saa mbili na nusu. Akamwambia msichana wa dirishani kwamba amebadili mawazo, jirani ni mtu mwema, nipe karatasi yangu. Msichana akamwambia barua imeshapewa namba. Barua ikishapewa namba haitoki, bibi, inajibiwa.

"Nikamwambia niandike nyingine, ya kufuta hiyo. Akasema naweza, hiyo nayo itapewa namba yake, itajibiwa ndani ya siku kumi na tano."

"Ilikuwa namba ngapi?" Yazep aliuliza.

"Mia tatu na kumi na saba."

"Ndogo. Mwaka huu watu wamezubaa."

Bibi hakuelewa kama huo ni mzaha. Alingoja. Yazep alifunga mlango taratibu kabisa, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Walimsikia akishuka, ngazi moja moja.

"Hutashuka Jumamosi," Yazep alimwambia mkewe.

Rehina alirudi jikoni. Aliosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Alimfikiria Hlieb na kitambaa cha vyombo, na zile tiketi mia nne na ishirini, na mumewe ambaye kwa wiki tatu alikuwa ameanza kunyoa kila siku tena. Alimfikiria pia msichana wa kucha ambaye hakuandika barua yoyote kwa mtu yeyote. Hakumjibu Yazep, na Yazep hakurudia, na katika nyumba yao hilo lilimaanisha kwamba jambo halijaisha.

* * *

Ijumaa walikwenda ukumbini hata hivyo, kwa sababu wako waliotoka mbali na hawakuwa wamepata habari. Ilikuwa Juni, jua bado liko juu ya paa. Watu kama mia mbili walikuwa wamesimama mbele ya ngazi za nyumba ya utamaduni, na mlangoni karatasi moja ya chapa, imebandikwa kwa gundi nyingi. Yazep alipanda ngazi tatu, akawaambia mwenyewe. Alisema samahani. Alisema tiketi zirudishwe dirishani Jumatatu.

Mtu mmoja nyuma alimwomba aimbe ule mmoja tu. Yazep alinyanyua mikono, akaonyesha kwamba hana kitu, hana duda wala muhuri. Basi wakauimba wenyewe. Walianza vijana, kwa makofi, kisha wote, wanawake wa umri wa Rehina na mabegi yao, waume zao wenye vipara, wakiruka mahali pamoja kama walivyoruka kwenye harusi zao na za watoto wao. Beti zile nne, tena zile nne, farasi na kengele. Hakuna aliyekuwa na huzuni. Mlinzi wa ukumbi aliwaacha mpaka walipomaliza mara ya tatu, ndipo akawaomba wasogee kwenye bustani.

Rehina alimtazama mumewe. Wakati watu wakiimba nyimbo zake, kwa kawaida Yazep hufumba macho na kutabasamu. Safari hii alikuwa amefumbua macho. Alikuwa anawatazama miguu.

Kwenye basi la umeme walipata viti viwili vya nyuma.

"Ya kwanza ilikuwaje?" Yazep aliuliza. "Beti ya kwanza kabisa. Nimeisahau."

Rehina aliinama karibu na sikio lake, kwa sababu mbele yao kulikuwa na watu, akamwambia. Hakuimba, alisema tu, kama mtu anayetaja orodha ya vitu vya sokoni.

Mama, farasi wamefika langoni, nani atanikalisha?
Nimetuma shomoro akuite, karudi na mchanga mdomoni.

Yazep alitazama nje ya dirisha hadi walipofika kituo chao.

* * *

Saa tatu kasoro dakika tano Jumamosi Rehina alivaa gauni lake la kijivu na kuchukua daftari. Yazep alikuwa bafuni, maji yanatiririka. Hakusema nenda, wala hakusema usiende. Aliuliza tu kupitia mlango kama wembe mpya uko wapi.

Chini mlango ulikuwa wazi kabisa, umezuiliwa kwa kiatu, kwa sababu anayeitwa lazima apate pa kuingilia. Sebuleni samani zilikuwa zimesukumwa ukutani. Koti la ngozi ya kondoo lilikuwa juu ya benchi, manyoya nje, na wale wanawake wawili wa kijijini wamekaa kando yake wamenyooka kama wako kwa daktari. Ulyana alikuwa na gauni jeupe la kukodi, na simu mkononi. Wasichana wanne, wenzake, walikuwa wanapiga picha mkate wa harusi.

"Shangazi Rehina," Ulyana alimnong'oneza, "msiimbe kwa sauti kubwa, nakuomba. Hawa rafiki zangu wakisikia tu watachangamka."

"Wachangamke," mwanamke asiye na meno alisema. "Watachoka."

Safiya Ihnatauna hakuwa sebuleni. Alikuwa jikoni, mgongo kwao, anakata majani ya kutia kwenye supu. Ndivyo inavyotakiwa. Asiimbe, asigeuke, asilie kwa sauti.

Walianza. Rehina aliongoza kwa sababu alikuwa na daftari, na wale wawili walidaka neno la mwisho wa kila mstari wakalivuta mbali, kila mmoja upande wake. Ilipokuja farasi wamefika langoni, mmoja wa wale wasichana wanne alitabasamu, bega lake likaanza kucheza lenyewe, akawatazama wenzake. Kisha ulikuja mstari wa shomoro, na kasi haikuongezeka. Bega lilishuka. Hakujua aweke wapi mikono.

Wimbo ni mrefu. Bibi harusi anatuma ndege, anatuma upepo, anatuma maji ya mtoni, na kila mmoja anarudi na jibu la mama. Mama anasema angekuja, lakini mlango wake hauna kitasa. Angekuja, lakini gauni lake zuri amelilalia na limekunjamana. Anasema, waombe wanawake watu baki wakusuke, na mimi nitasimama nyuma yao, usigeuke. Kufika hapo sauti ya Rehina ilivunjika juu kama ilivyovunjika dukani, na mwanamke asiye na meno aliitikia chini yake kama aliyeutega mkono. Ulyana aliweka simu juu ya koti, kifudifudi. Hakugeuka. Machozi yalimtoka na kushuka na vipodozi vyote, na rafiki yake mmoja, bila kuambiwa, akaja akamshika shingo kwa nyuma.

Jikoni kisu kilikuwa kimenyamaza.

Rehina aligeuza ukurasa. Kurasa mbili ziligeuka pamoja, zilikuwa zimegandana, na alipogundua alikuwa tayari yuko beti ya nane. Alisonga mbele. Wale wawili walimfuata. Wanawake wale walimsuka Ulyana, wakamfunga shela, na ilipokwisha mpiga picha, aliyekuwa amefika mapema na kusimama mlangoni na mfuko wake, hakuthubutu kuingia.

Waimbaji hulishwa kabla bibi harusi hajatoka. Meza ilikuwa tayari: nyama ya kuoka baridi, samaki wa chumvi kwa vitunguu, matango ya pipa, na bakuli kubwa la supu baridi ya bitiruti, rangi ya waridi, mayai yakielea. Rehina alikalishwa karibu na dirisha. Kutoka hapo aliona moja kwa moja kupitia mlango ulio wazi hadi kwenye ngazi, na kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, amekaa Yazep. Alikuwa amenyoa. Alikuwa na ndala miguuni na shati la tamasha. Mikono ilikuwa mitupu magotini, na alikuwa anaitazama kana kwamba mtu kamwachia aishike kwa muda.

Rehina hakumwita. Safiya Ihnatauna aliyafuata macho yake, akamwona Yazep, akatoka na upawa mkononi.

"Umekaa hapo tangu lini?"

"Tangu mwanzo." "Beti zote kumi na moja, bila muhuri hata mmoja."

"Kumi," bibi alisema. "Mke wako kaiacha ya saba. Ya saba ni ya kumwita kaka, na huyu hana kaka. Anajua mambo, mke wako."

Rehina aliinamisha uso kwenye sahani yake.

Yazep alisema kwamba hajui kama anastahili kuwa hapo, kwamba ni shughuli ya wanawake, kwamba anapanda zake. Alisema yote hayo bila kuinuka. Safiya Ihnatauna alimsikiliza mpaka mwisho. Supu ilidondoka kutoka kwenye upawa ikaacha tone la waridi kwenye saruji, naye akalipangusa kwa ncha ya kiatu.

"Jirani," alisema, "hiyo supu ni ya kuliwa baridi, na inapata joto. Ingia ule."